Rangi ya kwenye simu si rangi ya kitambaa



Juma hili tunataka kuzungumza juu ya jambo linaloonekana dogo, lakini limekwisha kuleta maneno katika makundi mengi: rangi za picha. Mama anaona picha ya kitambaa katika simu, anaipenda, anatuma franga. Kitambaa kinafika, naye anasema: «Hiki si kile.» Muuzaji anaapa kwamba ni kile kile. Na mara nyingi wote wawili wanasema kweli.

Zamani, kundi lilipotaka kuvaa kitenge kimoja kwa ajili ya tarehe 8 Machi au kwa ndoa, mjumbe alikwenda sokoni, akaleta kipande, na kipande kikapita mkono kwa mkono. Leo mjumbe anasimama mbele ya duka, anapiga picha na kuituma kwa WhatsApp. Wamama 40 wanaipokea katika simu 40. Tunafikiri wote wameona kitu kimoja. Hapana. Kila mmoja ameona kile ambacho simu yake imeweza kumwonyesha. Tuseme kila mmoja anatoa dola 10: hizo ni dola 400 zinazotegemea rangi ambayo hakuna aliyeishika kwa mkono. Basi tujifunze kwanza namna jambo hili linavyokuwa, halafu tuone la kufanya.

Picha ni namba, kioo ndicho mpishi

Ndani ya simu hakuna rangi kama ile ya kupaka ukutani. Kuna namba tu. Picha imegawanywa katika nukta ndogo sana, mara nyingi mamilioni ya nukta, na kila nukta ina namba tatu: moja ya mwanga mwekundu, moja ya mwanga wa kijani, moja ya mwanga wa buluu. Kwa kawaida kila namba inaanzia 0, maana yake mwanga huo umezimwa, na inafika 255, maana yake unawaka kabisa. Zote tatu zikiwa 0, tunaona nyeusi. Zote tatu zikiwa 255, tunaona nyeupe. Zikichanganywa kwa namna zote, zinatoa rangi zaidi ya milioni 16.

Namba hizo ni kama maelezo ya kupika. Wape wamama watatu maelezo yale yale ya sombe: majani kiasi hiki, mawese kiasi hiki, chumvi kiasi hiki. Mmoja anapika kwa makala, mwingine kwa kuni, mwingine kwa umeme. Sufuria si moja, na mawese ya huku si mawese ya kule. Sombe zote tatu zitalika, lakini hazitalingana. Kioo cha kamera, kioo cha simu na kioo cha kompyuta ni wapishi watatu wanaosoma maelezo yale yale.

Mnaweza kuwaonyesha watoto jambo hili nyumbani. Fungueni ukurasa mweupe katika simu. Chovyeni ncha ya kidole katika maji, na mwache tone dogo, dogo kuliko punje ya mchele, juu ya kioo. Tone hilo linakuza vitu kama lensi ya miwani, na ndani yake mtaona vitone vyekundu, vya kijani na vya buluu. Ile nyeupe ni taa tatu zinazowaka pamoja. Kisha pangusa maji mara moja. Watoto wakubwa waulizeni: mwanga mwekundu na mwanga wa kijani vikiungana, vinatoa rangi gani? Wengi watajibu kahawia, kwa sababu ndivyo walivyoona katika rangi za kuchorea. Kwa mwanga jibu ni manjano.

Kwa nini vioo havilingani

Kwanza, havikutengenezwa kwa namna moja. Vingine vina taa nyeupe nyuma, na rangi zinachujwa mbele yake. Vingine, vinavyoitwa OLED, kila nukta inawaka yenyewe, na nyeusi yake ni giza kabisa. Simu ya namna hiyo mara nyingi inaonyesha rangi kali, nyekundu kama pilipili, wakati kompyuta ya zamani inaonyesha nyekundu ile ile kama tofali.

Pili, vioo vinazeeka. Taa ya nyuma inapungua nguvu kadiri miaka inavyopita, na weupe wake unaweza kugeuka kuwa wa manjano kidogo.

Tatu, kuna mipangilio. Simu nyingi zina hali ya usiku inayopunguza mwanga wa buluu ili macho yapumzike. Ikiwa imewashwa, kila kitu kinaelekea manjano. Simu nyingine zinapunguza mwanga zenyewe wakati batiri inakaribia kwisha. Mama mmoja ana batiri kamili, mwenzake amebaki na kidogo sana: tayari hawaoni kitenge kimoja.

Nne, kuna mahali tunaposimama. Kompyuta nyingi za bei nafuu zinabadilisha rangi ukiziangalia kutoka juu, chini au pembeni. Inamishe tu kidogo, uso uliokuwa wazi unaingia giza. Na kioo kilichong'aa ndani ya nyumba kinaonekana kimekufa kwenye jua la saa sita.

Wapiga picha wanalijua vizuri tatizo la kioo cha kamera. Ni kidogo, na kinang'aa sana. Katika sherehe ya usiku, macho yamekwisha kuzoea giza, na picha juu ya kioo hicho inaonekana yenye mwanga wa kutosha. Kesho yake, juu ya kioo kikubwa cha kompyuta, picha ile ile ni ya giza, tena haikutulia. Haikuharibika njiani. Ilikuwa hivyo tangu mwanzo, lakini kioo kidogo kilificha. Kamera nyingi zinaweza kuonyesha mchoro mdogo wenye umbo la vilima, unaohesabu sehemu za giza na sehemu za mwanga katika picha. Mchoro huo haubadiliki kioo kikiwa na mwanga mwingi au kidogo. Kwa hiyo mpiga picha mwenye kazi ya ndoa anauangalia kabla wageni hawajatawanyika.

Wenye kutengeneza vifaa hivi hawakukaa kimya. Mwaka wa 1996 kampuni za Hewlett-Packard na Microsoft zilipendekeza mapatano juu ya maana ya namba za rangi, yanayoitwa sRGB, na mwaka wa 1999 yakawa kanuni ya kimataifa. Picha nyingi tunazotumiana zinafuata kanuni hiyo. Lakini kioo cha bei ndogo au kilichochoka hakiwezi kuitimiza, na simu mpya nyingi zimepangwa kuzidisha rangi ili zipendeze macho ya mnunuzi. Wachapaji na wapiga picha wa kazi wana kifaa kinachobandikwa juu ya kioo cha kompyuta ili kupima rangi zake na kuzisawazisha. Sisi wengine hatuna kifaa hicho, kwa hiyo tunahitaji busara.

Kamera nayo ina maoni yake

Hata kabla ya kufika kwenye kioo, rangi imekwisha kupita katika kamera. Mwanga wa jua la mchana si sawa na wa balbu ya manjano, wala wa taa ya sola ambayo mara nyingi inaelekea buluu. Macho yetu yanasahihisha bila sisi kujua: shati jeupe la mtoto tunaliona jeupe nje na ndani. Kamera inajaribu kufanya vilevile, lakini inabahatisha. Kitenge kikijaza picha nzima, kamera haina kitu cheupe cha kujipimia, na inaweza kuvuta rangi upande usiofaa. Zambarau inatoka buluu, bordo inatoka nyekundu ya kawaida.

Mwaka wa 2015 dunia nzima ilipata somo hili kutoka kwa mama mmoja wa Uingereza. Alipiga picha ya gauni alilotaka kuvaa katika ndoa ya binti yake, akamtumia binti. Binti na mchumba wake hawakukubaliana: mmoja aliona gauni jeupe lenye mistari ya dhahabu, mwingine aliona la buluu lenye mistari myeusi. Picha ikaingia katika intaneti, na kwa siku chache mamilioni ya watu wakabishana, hata watu waliokaa bega kwa bega mbele ya kioo kimoja. Gauni lenyewe lilikuwa la buluu na nyeusi. Wataalamu wa macho walieleza kwamba picha haikuonyesha wazi mwanga wa pale dukani. Basi kila ubongo ulikisia mwanga wake, na kutokana na hapo ukakisia rangi. Ikiwa watu wawili wanaopendana, mbele ya picha moja, wanaweza kutofautiana hivyo, sisi tusiitane waongo kwa sababu ya kitenge.

Karatasi, na sura za watoto wetu

Wazazi wengi wanauliza pia kwa nini picha ya mtoto ilikuwa nzuri katika simu, na ilipotolewa kwenye karatasi ikawa ya giza. Kioo kinatoa mwanga. Karatasi haitoi, inarudisha tu mwanga unaoiangukia. Tena mashini ya kuchapa haitumii zile taa tatu, inatumia wino: buluu ya mbingu, nyekundu ya waridi, manjano na nyeusi. Kuna rangi kali za kioo ambazo wino hauwezi kuzifikia. Kwa hiyo ombeni picha moja ya kujaribia kwanza, iangalieni nje, na kama ni giza mwambieni mwenye mashini aongeze mwanga kidogo kabla ya kutoa zile nyingine zote.

Juu ya ngozi yetu kuna historia inayofaa kujulikana. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ilizipa maabara za picha kadi zenye sura ya mwanamke mzungu, zilizoitwa kadi za Shirley, na mashini zilisawazishwa kufuata ngozi yake. Ngozi nyeusi haikuwa kipimo. Ndiyo sababu katika picha nyingi za zamani za shule sura za watoto weusi zimepotea, yamebaki macho na meno. Kamera za leo ni bora zaidi, lakini bado mtoto akivaa shati jeupe la shule na kusimama mbele ya ukuta mweupe, kamera inaweza kuona weupe mwingi na kupunguza mwanga, na sura yake inaingia giza. Gusa uso wa mtoto juu ya kioo cha simu kabla ya kupiga. Katika simu nyingi, kamera itapima mwanga pale. Msimamishe mtoto kivulini, akielekea upande wa mwanga, dirisha likiwa mbele yake wala si mgongoni.

Kabla ya kutoa franga za kundi

Kwa makundi, haya ndiyo tunayoshauri.

Kama kuna njia, kipande cha kitambaa kiletwe. Mshonaji anayetafuta uzi hachagui kwa maneno. Anaenda na kipande, anakiweka juu ya uzi, na anatoka mlangoni kuangalia kwenye mwanga wa nje. Hiyo ni hekima ya zamani, na hakuna simu iliyoishinda. Kipande chenye ukubwa wa kiganja kinaweza kusafiri ndani ya bahasha pamoja na msafiri.

Kama kipande hakiwezi kufika, picha ipigwe nje kivulini, mchana, na juu ya kitambaa iwekwe karatasi nyeupe ya daftari pamoja na kitu ambacho wote tunacho nyumbani, kwa mfano noti ya franga. Anayepokea aweke noti yake ya namna hiyo karibu na simu. Ikiwa noti ya kwenye kioo haifanani na noti ya mkononi, anajua kwamba rangi ya kitambaa nayo imehama, na imehamia upande gani.

Muulizeni muuzaji namba. Vitenge vingi vya wax vina maandishi ukingoni: jina la mtengenezaji na, kwa vingi, namba ya mchoro. Mchoro mmoja unaweza kutoka katika rangi nyingi, kwa hiyo ulizeni vilevile namba au jina la rangi. Na kama kundi linahitaji vipande vingi, ombeni vitoke katika shehena moja, kwa maana hata kiwanda hakichanganyi rangi sawasawa kila mara.

Mapatano yaandikwe. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Andikeni kwamba rangi itahakikishwa kwa kitambaa chenyewe, kwenye mwanga wa mchana, kabla ya kumaliza malipo. Mama mwenye kuuza naye analindwa: anayeuza vikapu, sabuni au nguo za watoto kwa picha aandike chini yake, «Rangi inaweza kutofautiana kidogo na ya simu yako, uliza.» Neno hilo linamwepusha na mteja anayerudisha mali na kuacha jina baya nyuma.

Na mwenye kompyuta anayetengeneza picha za kundi asizidishe mwanga mpaka azione katika simu mbili tatu za wengine. Kioo chake kikiwa cha giza, ataongeza mwanga mwingi, na sisi wote tutapokea nyuso zilizoungua.

Mwili wa mtoto si kitenge

Jambo zito zaidi tumeliweka mwisho. Siku hizi mama akiona mtoto mchanga ana macho ya manjano, anapiga picha na kumtumia dada yake au muuguzi anayemfahamu, kisha anangoja jibu. Wamama, kwa habari ya rangi ya mtoto, picha si shahidi wa kutegemea.

Yote tuliyoyasema juu ya kitenge yanaingia hapa. Chini ya balbu ya manjano, au katika simu yenye hali ya usiku, mtoto mzima anaonekana mgonjwa. Na kamera inayojisahihisha inaweza kuondoa manjano ambayo kweli ipo, na mtoto mgonjwa akaonekana mzima. Kosa la kwanza linaleta hofu ya bure. La pili linaweza kuchukua maisha ya mtoto.

Mpelekeni mtoto karibu na dirisha au mlangoni, mchana. Gandamiza polepole kwa kidole paji la uso au ncha ya pua, achia, na uangalie rangi inayobaki pale. Kwa ngozi nyeusi manjano inajificha, kwa hiyo tazama pia weupe wa macho, ufizi, viganja na nyayo. Manjano ikionekana ndani ya saa 24 za kwanza baada ya kuzaliwa, au ikifika kwenye viganja na nyayo, ni alama ya hatari: mtoto aende kituo cha afya mara moja. Manjano kali isipotunzwa inaweza kuharibu ubongo wa mtoto na kumwondolea kusikia. Na mtoto asiyenyonya, au anayelala mno hata kuamka ni shida, asingoje mwanga wa asubuhi, wala jibu la simu.

Kwa upungufu wa damu pia, waganga hawaangalii picha. Wanafungua kiganja cha mtoto na kukilinganisha na kiganja chao wenyewe au cha watoto wengine. Kiganja kikiwa cheupe isivyo kawaida, mtoto apimwe damu. Angalieni namna wanavyofanya: wanaweka vitu viwili pamoja, chini ya mwanga mmoja, kama mshonaji na uzi wake.

Simu ina kazi yake hapa, na ni kubwa: pigeni kusema tunakuja, ulizeni kama muuguzi yupo, itisheni pikipiki. Rangi ya mtoto iangaliwe na mtu aliye karibu naye.

Zoezi la mkutano

Katika mkutano wenu ujao, kabla ya kuhesabu likirimba, fanyeni jaribio hili. Mama mmoja aweke kitenge chake mezani na kukipiga picha, kisha awatumie wenzake wanne. Simu zote tano ziwekwe mstari mmoja kando ya kitenge, zikiwa na picha ile ile. Kila mama aseme ni simu gani inayokaribia zaidi kitambaa. Halafu zimeni hali ya usiku katika simu zote, ongezeni mwanga mpaka ulingane, na muangalie tena. Mwisho bebeni meza nje kivulini na muangalie mara ya tatu. Katibu aandike kila kilichobadilika.

Mtatumia dakika kumi tu. Kisha mkae, mpange mjumbe gani ataleta kipande cha kitambaa cha 8 Machi, na siku gani atakileta.